Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 24: Mtoto Ambaye Hakupigwa Picha



Umefungaje? Alhamdulillah, tumo ndani ya kumi la mwisho. Miguu imechoka kwa tarawehe, usingizi hautoshi, na bado Mola anatupa pumzi. Leo naomba tuzungumze juu ya kitu ambacho umekishika mkononi saa hii hii. Simu.

Nina hakika limeshakukuta. Umekaa unasubiri adhana ya magharibi, tende ziko mbele yako, uji umeshamiminwa. Unapitia ujumbe ili dakika zisogee. Mara inaingia picha kwenye kundi la familia. Mtoto. Vumbi limemjaa usoni, damu imemkaukia kwenye nywele, macho yameganda. Moyo unashtuka. Mmoja anaandika "Innaa lillaahi", mwingine "Ya Rabbi", wa tatu anaweka vile vikatuni vya kulia. Dakika mbili hazijapita, shangazi anauliza nani ana sufuria kubwa ya kuazima siku ya Idi. Mazungumzo yanahamia huko. Adhana inaingia, tunafuturu.

Sisemi haya kumsuta mtu. Mimi ni mmoja wa hao. Nataka tuulizane tu: ile picha ilipokuja ilifanya nini ndani ya mioyo yetu, na ilipopita ilituacha wapi?

*Machozi si aibu*

Kwanza tuliweke sawa jambo moja. Kulia kwa sababu umeona mtoto anateseka si udhaifu wa imani. Usama bin Zayd (r.a.) anatusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliitwa na binti yake, mtoto wake alikuwa katika sakarati. Mtume akaenda, akapewa yule mtoto, pumzi zake zinakwenda kwa shida. Machozi yakamtoka Mtume. Saad bin Ubada akashangaa, akamuuliza vipi tena haya? Mtume akamfahamisha kwamba hiyo ni rehema ambayo Mwenyezi Mungu ameitia katika nyoyo za waja wake, na kwamba Mwenyezi Mungu huwarehemu wale walio na huruma.

Na yule mkubwa wa Banu Tamim, al-Aqra bin Habis, alipomwona Mtume anambusu mjukuu wake Hasan, akasema yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Jibu alilopewa unalijua: asiyehurumia hahurumiwi.

Kwa hiyo picha ikikutoa chozi, mshukuru Mola wako. Moyo bado uko hai. Wa kuhofia ni yule aliyezoea, anayempita mtoto wa watu kwa kidole kama anavyolipita tangazo la vitenge.

Kumbuka pia kwamba picha hizi hazitufikii bure. Tarehe 17 Oktoba 2023, mpigapicha wa Kipalestina Mohammed Salem alikuwa katika Hospitali ya Nasser, Khan Younis, kusini mwa Gaza. Akamkuta mwanamke amepiga magoti chini, amekumbatia maiti ndogo iliyofungwa sanda. Alikuwa ni mtoto wa ndugu yake, binti wa miaka mitano. Salem akapiga picha ile. Mke wake mwenyewe alikuwa amejifungua siku chache tu kabla. Mwaka uliofuata picha hiyo ilipewa tuzo kubwa ya World Press Photo. Na katika vita hivyo vya Gaza, wanahabari zaidi ya 200 wameuawa. Baadhi yao walikufa wakifanya kazi hii hii ya kutuonyesha.

Basi picha iliyokufikia ni amana. Kuna mtu aliibeba katikati ya moto mpaka ikaingia kwenye simu yako.

*Amana ina adabu zake*

Itazame tena ile picha ya Khan Younis, kama umewahi kuiona. Sura ya mtoto haionekani, imefunikwa na sanda. Hata uso wa yule mwanamke umeinama, umejificha kwenye mkono wake. Hakuna damu, hakuna kiungo kilichokatika. Na bado aliyeiona hawezi kuisahau. Mtoto yule alisitiriwa, na dunia ikaelewa.

Sasa hebu tujiulize sisi tunaorusha picha za maiti za watoto zikiwa wazi, saa ya daku, kwenye kundi lenye wazee na watoto ndani yake. Maiti ina heshima yake katika dini yetu. Tunaiosha kwa staha, tunaifunika, tunaibeba taratibu. Ungekuwa ni mwanao, ungependa azungushwe vile kwenye simu za watu laki moja?

Jambo la pili ni ukweli. Suratul-Hujurat inatuamrisha kwamba tukijiwa na habari na mtu asiyeaminika tuchunguze kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Mimi mwenyewe nimewahi kujuta. Nilirusha picha ya mtoto chini ya kifusi, nikaandika kwa uchungu kwamba ni ya jana, Gaza. Kijana mmoja akanijibu pembeni, kwa adabu sana: "Ustadh, hii ni ya Syria, ina miaka mingi." Nikaona haya. Nilidhani natetea wanyonge, kumbe nimempa kisingizio yule anayetafuta kusema kwamba picha zote ni za uongo. Na mtoto wa Syria naye nimemnyang'anya kifo chake, nimempa mwingine. Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila anachokisikia. Leo ni kila kinachoingia kwenye simu.

Na jambo la tatu: usichague mtoto wa kumwonea huruma kwa kabila lake au dini ya wazazi wake. Ibn Umar (r.a.) anasimulia kwamba katika moja ya vita alikutwa mwanamke ameuawa, na Mtume akakemea kuuawa kwa wanawake na watoto. Ulishafikiri wale walikuwa watoto wa nani? Walikuwa watoto wa maadui, wa watu waliotoka kuja kupigana naye. Mtoto wa Gaza, mtoto wa Israel, mtoto wa Ukraine, mtoto wa Sudan: hakuna aliyeshauriwa kabla vita havijaanzishwa.

*Chozi lina wiki ngapi?*

Sasa tufike kwenye lile linaloniuma zaidi.

Tarehe 2 Septemba 2015, kwenye ufuo karibu na Bodrum, Uturuki, mpigapicha Nilüfer Demir alimkuta mtoto mdogo amelala kifudifudi mchangani, fulana nyekundu, viatu bado viko miguuni. Alikuwa Alan Kurdi, mtoto wa Kikurdi wa Syria, umri wake miaka miwili. Wazazi wake walikuwa wanajaribu kuvuka kwenda Ugiriki kwa boti. Demir alisema baadaye kwamba hakuwa na la kumfanyia tena yule mtoto ila kuhakikisha kilio chake kinasikika.

Kikasikika kweli. Picha iliizunguka dunia. Watafiti walifuatilia michango iliyokuwa inaingia Msalaba Mwekundu wa Sweden kwa ajili ya wakimbizi wa Syria. Wiki iliyofuata ile picha, idadi ya michango kwa siku ilikuwa kama mara 100 ya ilivyokuwa wiki moja kabla. Mara mia! Na vita vya Syria wakati huo vilikuwa vimeshapita miaka minne, watu wamekufa kwa maelfu na maelfu. Takwimu zile zote hazikufanya kile alichokifanya mtoto mmoja aliyelala mchangani.

Lakini subiri. Baada ya wiki kama sita, michango ilikuwa imerudi pale pale ilipokuwa. Vita havikuisha, watoto hawakuacha kuzama. Kilichoisha ni sisi.

Katika utafiti ule ule kuna jambo jingine lililonipa matumaini. Siku zile, watu waliojiandikisha kuchangia kidogo kidogo kila mwezi waliongezeka karibu mara kumi. Na miezi kadhaa baadaye, karibu wote walikuwa bado wanachanga. Unaona tofauti? Wote waliona picha ile ile, wote waliumia. Waliobaki ni wale walioyafunga machozi yao kwenye ahadi kabla hayajakauka. Nikakumbuka aliyotufundisha Mtume (s.a.w.), kwa riwaya ya mama yetu Aisha (r.a.), kwamba amali zinazopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache.

Na kuna kitu kingine cha kutafakari hapo. Dunia nzima inamkumbuka Alan. Wangapi wanajua kwamba kaka yake Galip na mama yao nao walikufa katika safari ile ile?

*Asiye na picha*

Twende Sudan. Vita vile vilianza tarehe 15 Aprili 2023. Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho kama hili tulilomo. Watu wa Khartoum walikuwa wamefunga, wengine wameshanunua nguo za Idi za watoto, wakasikia risasi.

Katika jimbo la Darfur, mji wa El Fasher ulizingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Chakula kikakatwa. Watu wakafika mahali pa kula makapi ya karanga, yale wanayolishwa mifugo. Kambi ya Zamzam, jirani na mji huo, ilithibitishwa kuwa na baa la njaa Agosti 2024. Mwisho wa Oktoba 2025 mji ukaanguka, na waliofanikiwa kutoroka wakasimulia mauaji ya kutisha.

Sasa niambie, ndugu yangu: unaikumbuka picha ya mtoto gani wa El Fasher? Mmoja tu. Funga macho utafute.

Mimi nilitafuta, sikumpata. Wapigapicha hawakuweza kuingia. Mtandao ulikuwa umekatika. Kwa sehemu kubwa dunia ilitazama kwa satelaiti, kutoka angani, na kutoka angani huoni uso wa mtoto. Unaona ardhi, mapaa na vivuli. Hakuna fulana nyekundu, hakuna viatu vidogo. Kwa hiyo hakuna kilichoingia kwenye kundi la familia, na sisi tukafuturu vizuri tu.

Na hatuhitaji kufika Sudan. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025, watoto wa Goma walilia kwa Kiswahili. Mtoto aliyeita "Mama!" kule, angemwita hivyo hivyo Tanga au Mombasa. Tulihitaji mkalimani gani?

Nikajiuliza: kama huruma yangu inasubiri mpaka kamera ifike, basi mwenye kuiendesha huruma yangu ni nani? Akikata mtandao tu, nami nimekatika.

*Kilio cha nyuma ya safu*

Tizama Mtume wetu (s.a.w.) alivyokuwa. Anatuambia mwenyewe, katika hadithi sahihi, kwamba alikuwa akiingia kwenye sala na nia yake ni kuirefusha. Kisha anasikia mtoto analia, basi anaifupisha, kwa kuchelea kumtaabisha mama yake.

Ipige picha hiyo kichwani. Imamu yuko mbele, uso umeelekea kibla. Mtoto yuko nyuma huko, kwenye safu za wanawake. Hamwoni. Hamjui ni mtoto wa nani, analilia nini. Amesikia sauti tu. Na yuko ndani ya ibada ambayo ndiyo kitulizo cha macho yake. Lakini kile kilio kikaingia ndani ya sala na kikaibadilisha. Hakuondoka, hakuhutubia. Alifanya kile kilichokuwa kwenye uwezo wake saa ile: akafupisha.

Huyo ndiye tuliyeambiwa tumfuate. Hakuhitaji kuona. Ilimtosha kujua kwamba kuna mtoto analia.

Na hapa ndipo Ramadhani inapoingia, ndugu yangu. Funga ni ibada gani? Ni ibada isiyo na picha. Anayesali unamwona anarukuu. Anayehiji tunampokea uwanja wa ndege. Lakini aliyefunga, nani anamwona? Saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, uko peke yako jikoni, maji ya mtungini ni ya baridi. Unaweza kunywa bilauri nzima ukatoka ukafuta mdomo, na hakuna atakayejua. Hunywi. Kwa nini? Kwa sababu ya yule usiyemwona ambaye anakuona. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu ameinasibisha funga na nafsi yake, kwamba ni yake Yeye na Yeye ndiye anayeilipa.

Sasa mtu aliyeweza siku 24 mfululizo kuishi kwa ajili ya asiyeonekana, atashindwaje kumhurumia mtoto asiyeonekana? Njaa unayoisikia saa kumi jioni ndiyo habari ya yule mtoto. Imekufikia tumboni moja kwa moja, bila bando na bila mpigapicha. Wewe una adhana ya kukutoa. Yeye adhana inaadhiniwa, na hana cha kufuturia.

*Tufanye nini leo?*

Tusiishie kwenye maneno. Mambo manne tu, yanayowezekana.

1. Picha ikija, kabla hujairusha jiulize: Ni ya kweli, na ni ya wapi? Mtoto amesitirika? Na mimi nimeshafanya nini kwa ajili yake? Kama la tatu huna jibu, anza na hilo, kurusha kutafuata.

2. Tafuta kibubu au kopo lenye kifuniko. Kila siku, ukirudi na chenji ya sokoni, tia humo hata kama ni sarafu moja. Washirikishe watoto wako. Kila mwisho wa mwezi kifunguliwe, fedha ipelekwe kwa taasisi unayoijua, ambayo ina watu wake huko na inaonyesha hesabu zake. Sudan, kwa mfano, wananchi wenyewe wanaendesha majiko ya jamii wanayoyaita takaya, wanapika na kugawa. Na kibubu hicho kisivunjwe siku ya Idi. Kiendelee Shawwal, Dhulqaada, mpaka Ramadhani nyingine itukute nacho.

3. Mtafute mtoto wa vita aliye karibu nawe. Wapo. Kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ina familia za Wakongo na Warundi kwa miaka mingi sasa. Kenya kuna Dadaab na Kakuma. Na wapo mitaani mwetu pia, wanauza karanga, wanabeba maji, wanasoma darasa moja na mwanao na wanachekwa kwa lafudhi yao. Mwambie mwanao asimcheke, amkaribishe kufuturu.

4. Usiku huu, ukiinuka kwa tahajudi, wataje. Sema "Ya Allah, watoto wa El Fasher, watoto wa Gaza, watoto wa Goma." Huenda ukawa usiku wa Laylatul-Qadr. Na ongeza, "na wale ambao sijui mji wao." Yeye anaujua.

Wapo watakaosema, "Sasa sarafu yangu itasimamisha vita?" Haitasimamisha. Kuna kijana wa Gaza anaitwa Mahmoud, alikuwa na miaka tisa alipopoteza mikono yote miwili katika shambulio, Machi 2024. Alipofahamu kwamba mikono haipo, alimuuliza mama yake atamkumbatia vipi. Mpigapicha Samar Abu Elouf, naye ametoka Gaza, alimpiga picha huko Doha walikokuwa wakiishi jengo moja. Leo kijana yule anajifunza kuandika na kufungua milango kwa miguu. Mikono haikurudi. Lakini kuna aliyemtoa kule, kuna aliyemtibu, kuna anayemfundisha. Kila mmoja alifanya kipande chake. Kipande chako ni kipi?

*Siku ambayo hakuna asiye na picha*

Nimalizie na Suratut-Takwir, ile inayoanza na jua kukunjwa. Humo Mwenyezi Mungu anatupa habari ya mtoto wa kike aliyezikwa hai, kwamba siku hiyo ataulizwa ni kwa kosa gani aliuawa. Angalia anayeulizwa ni nani. Ni mtoto. Aliyezikwa mchangani bila shahidi, ambaye aliyemuua alidhani yameisha, anasimamishwa mbele ya viumbe wote na kupewa nafasi ya kusema.

Siku hiyo hakuna mtandao wa kukata wala mji wa kuzingira. Mtoto wa ufukweni atakuwepo, na kaka yake ambaye hatukumjali. Wa kwenye sanda atakuwepo. Na yule wa El Fasher, ambaye satelaiti ilipita juu ya paa lao isimwone, naye atakuwepo, na tutamwona uso.

Itakuwa vizuri kama atakuwa ametusikia usiku mmoja kama huu tukimtaja.

Ya Allah, Wewe uliye Rahmani, watie watoto wa vita katika hifadhi yako. Walio na njaa walishe, walio peke yao watie mikononi mwa wenye huruma, waliokufa uwape wazazi wao subira na uwakutanishe nao Peponi. Zizuie silaha za madhalimu, popote walipo na wawe nani. Na sisi, Ya Rabbi, usiturudishe Shawwal na mioyo tuliyokuja nayo Shaaban. Tupe huruma isiyosubiri kuonyeshwa. Aamiin.

Ukiona hapa pana faida, mpe na mwenzio. Kesho, in shaa Allah, tutazungumzia Zakatul-Fitri: nani anatoa, anampa nani, na kwa nini isichelewe.

Futari njema. Wabillahi tawfiq.